Joko la Thelathini na Nane

Baba aliokota kutu kama wengine waokotavyo sarafu.
Aliikwangua kwenye vyuma vya daraja la reli, kule Toki,
akachota tope jekundu kijitoni,
na siku moja akatia kinuni hata sindano za mama
zilizoliwa na unyevu wa mwezi wa sita.
Mama akacheka: basi nguo zenu nitazishona kwa meno.

Kutu, majivu ya msonobari, jiwe lililosagwa likawa unga,
maji.
Uji tu. Uji wa kahawia usiovutia hata nzi.
Humo alichovya mabakuli,
na moto wa siku tatu ukaugeuza uji kuwa kioo:
mara kioo cheusi kama jicho la farasi,
mara chenye michirizi, manyoya ya sungura aliyenyeshewa,
mara (na haya ndiyo mengi)
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Hayo aliyavunja.
Utoto wangu nimeulala kwa sauti ya nyundo.

Alikuja mtu kutoka Nagoya na gari jeupe,
akiuza tanuri la umeme na makopo ya rangi,
buluu, kijani, waridi.
Vifungo viwili tu, Mzee Kuwabara,
na kila bakuli litakuwa pacha wa mwenzake.
Baba alimmiminia chai. Akamsifia gari.
Vumbi lilipotulia akasema:
Ningetaka mapacha, ningemwomba mke wangu.

Udongo huwahiwa ungali maji.
Mimi sikuwahiwa.
Niliondoka na miaka kumi na minane, nimeshakauka,
nikaenda Gifu kuhesabu fedha za watu
mahali ambapo wino mweusi ni faida
na mwekundu ni hasara, na hakuna wa katikati.

Kisha ule usiku wa mwezi wa kumi na moja.
Hospitali ilipiga simu saa nane.
Joko haliachwi, ndivyo alivyonifunza nikiwa mdogo:
ukiligeuzia mgongo, hewa huingia,
na chuma kilichokaribia kuwa cheusi
hukumbuka kwamba kilikuwa kutu.
Alifika asubuhi, nyusi zimeungua, ananuka msonobari.
Mama alikuwa ameshafunikwa.

Miaka sita nilimtumia kadi za mwaka mpya tu,
zile zilizokwisha chapwa maneno.

Sasa ana themanini na mmoja, na mikono imemkataa.
Nimekuja kumpangia banda.
Ndoo za majivu zina majina ya miti na miaka.
Vipande vya majaribio vimetungwa kwenye waya kama samaki wa kukaushwa.
Na daftari, hati yake ndogo, imebanwa,
kana kwamba karatasi nayo ni kuni:

*Joko la 37. Majivu sita, kutu moja. Mvua. Ngozi ya chura.*

*Joko la 38. Simu, saa nane.
Yasaburo amekataa kushika moto, anasema hajui tabia zake.
Nimetia kuni. Nimetia kuni.
Nimetia kuni.
Rangi sijui. Sijafungua.*

La thelathini na tisa lilichomwa kwingine,
katika joko dogo alilojenga mwenyewe juu ya shamba la chai,
na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nimezunguka nyuma ya nyumba.
Magugu yamelipanda lile la zamani hadi mabegani.
Matofali ya mlango yako vile vile,
alama za vidole vyake kwenye udongo aliozibia.
Nimeweka changu katika kimoja. Kimeenea, na nafasi ikabaki.

Mfinyanzi hulia gaeni:
nimemkuta barazani, anakunywa kwenye bakuli lenye pengo,
analigeuza ili pengo limwelekee yeye, mgeni asilione.
Mgeni ni mimi.
Nimesema: Baba, la thelathini na nane.
Amepuliza chai yake, ingawa ilikuwa imepoa.
Nyundo, akasema, iko chini ya ngazi.
Halafu, baadaye kidogo:
Uende nayo pole pole. Anza matofali ya juu.