Acha Namba

Nimeteremka Nane Nane na pasi ya mkaa,
nimeivingirisha kitenge cha marehemu mke wangu
isije ikawagonga watu magoti.
Mwezi wa nne. Mji umeanza kujaa.
Kwetu Haubi tunajua masika na kiangazi;
hapa misimu ni miwili mingine:
Bunge likikaa,
Bunge likiondoka.

Kila gesti ya Area D ina geti la bati,
kila geti lina mbwa,
na kila mbwa ananizidi cheo:
yeye kaajiriwa.

"Mna mashati ya kunyoosha?"
"Tuna pasi za umeme."
"Mashuka?"
"Tuna wasichana."
"Hata kufagia…"
"Baba, acha namba."

Nikaacha Makole, nikaacha Chadulu,
Kisasa nikaacha nyumba kwa nyumba
mpaka kalamu ya kuazima ikakauka.
Namba yenyewe si yangu. Ni ya Chidosa,
mlinzi wa ghala la alizeti kule Kizota,
tunayepokezana godoro Chang'ombe:
usiku langu, mchana lake,
halipati muda wa kupoa.
Wenye kazi hupiga mchana.
Huenda nimeshaitwa mara tatu,
na mara tatu wamejibiwa na mkoromo.

Mei ikapita. Upepo ukaanza ule wa kipupwe,
unaokuja na vumbi mdomoni kama mtu anayekula akiongea.
Nilishinda nimekaa ng'ambo ya gesti moja, Tulizo,
kwenye benchi la muuza chipsi,
natazama magari meupe yakiingia.
Wageni walishuka na suti ndani ya mifuko,
wamezibeba kwa mikono miwili, kama wagonjwa.
Nikazihesabu. Kuhesabu hakulipwi,
lakini hakuna aliyenikataza.

Usiku wa kuamkia bajeti, umeme ukakatika.

Chidosa aliacha lango la watu wazi,
kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo,
akaja mbio na rungu lake mkononi:
"Amka! Umeitwa! Tulizo! Amka!"
Nilivaa viatu kinyume. Pasi nilikuwa nayo,
huwa naifanya mto.

Nyemo wa mapokezi alinimulika tochi usoni,
yule yule wa acha namba:
"Arobaini na moja, baba. Kabla ya saa kumi na mbili."
Muuza chipsi akanipa makaa yaliyobaki jikoni.
Meza uani, blanketi juu yake,
kipande cha mshumaa cha kulainisha chuma.
Kola kwanza. Kisha mabega. Mikono mwishoni,
mshono juu ya mshono, usiufuate mkunjo wa jana.
Majivu yakitaka kuruka namgeuzia upepo mgongo.
Nikitundika moja, nachukua jingine,
hata kamba ikajaa mashati meupe gizani,
yamesimama wima
kama watu wasiodaiwa na mtu.

La thelathini na kitu lilikuwa na kola iliyolika.
Mtu alikuwa ameipindua na kuishona upya kwa mkono,
uzi wa rangi ya maziwa kwenye shati jeupe,
vishindo vidogo vidogo, havionekani mpaka uinamie.
Nikajua huyu mheshimiwa naye
ana mtu kwao anayekesha.
Hilo nilipiga taratibu.

Kulipokucha friji la soda likaguna. Umeme.
Nyemo akanihesabia elfu ishirini na mia tano,
ile mia tano akaitafuta kwenye pochi yake mwenyewe.
"Baba, msimu ujao…"
"Najua," nikamwambia. "Iko hapo daftarini."

Chang'ombe nikamkuta Chidosa kalala na buti.
Sijui kama bado ana kazi; sikumwamsha.
Simu ikaita kifuani pake, ikaita, anakoroma tu.
Safari hii nikaichukua.
Sikudhani, binti yangu:
"Baba, umepata?"
"Nimepata. Usiku mmoja."
Akanyamaza. Nikasikia kuku wa kwetu nyuma yake.
"Ulikuwa mrefu?"
"Ulikuwa na mikono themanini na miwili."