Tazama Pia

Aliingia na muhogo ndani ya mfuko wa kaki,
akauweka mezani pangu, kati ya kibodi na muhuri.
Nikasema, mama, chakula hakiruhusiwi humu.
Akajibu: Hiki si chakula tena.

Jina lake Nyanjura, wa Bukindo, Ukerewe.
Alishuka melini, akapanda kutoka bandarini kwa miguu,
na meli ya kurudi Nansio ni saa nane.
Saa yetu ya ukutani ilisema nne na nusu,
lakini saa yetu husema inachotaka.

Akaazima kisu cha Mabula mlinzi, cha kumenyea machungwa,
akaupasua juu ya gazeti la juzi.
Nje mzima. Ndani
mistari ya kutu, kama mvua ilivyochora dari ya maktaba.
"Kwetu tunaita donda la ndani.
Majani yanacheka, shina limesimama.
Unachimba, unakuta msiba."

Nikaandika: donda la ndani.
Mashine ikaleta vidonda vya tumbo,
mahubiri ya moyo uliovunjika,
na unga wa mizizi unaotibu magonjwa arobaini.
Nyanjura akakitazama kioo, akanitazama mimi.
"Kumbe nayo haijui."

Haijui, mama. Ina mengi, haijui.
Ni Mwaloni alfajiri: dagaa wa visiwa vyote wapo,
ila ukimwita muuzaji kwa jina lisilo lake
hakuna atakayegeuka.
Na mimi, miaka kumi na saba kwenye kiti hiki,
silipwi kwa kujua.
Nalipwa kwa kuuliza tena.

Majani yana nini? Njano, kandokando ya mishipa.
Ya juu au ya chini? Ya chini, yale ya kizee.
Tangu lini? Tangu dada alipoleta mbegu ya ng'ambo.
Wadudu? Weupe, wadogo; ukitikisa, wanaruka kama unga.

Nikafuta "donda". Nikaongeza "mizizi", nikaongeza "kahawia".
Majibu yakashuka, laki mbili, elfu tatu,
kumi na moja.
Umeme ukakatika tukiwa kwenye la saba.

Tukakaa. Juu ya bati korongo walitembea
kwa kishindo cha watu wazima wenye viatu.
Akanisimulia mbegu ya bibi yake mzaa mama,
haijawahi kununuliwa, hupitishwa vipande kwa vipande,
harusi kwa harusi, na udaga wake mweupe hauna mfano.
"Iko jirani na ile ya dada," alisema.
Sikumuuliza hatua ngapi.

Feni ikaamka kabla ya taa.
La saba lilikuwa na picha.
Hakusoma. Aliinua nusu ya muhogo wake
akaisogeza kwenye kioo, kando ya muhogo wa picha,
mstari kwa mstari, kutu kwa kutu.
"Ndugu yake," akasema.

Michirizi kahawia. Hilo ndilo jina.
Yaliyo chini ya jina niliyasoma polepole:
Hakuna dawa. Ng'oa. Choma. Anza na mbegu safi.
"Na ya bibi?"
Nayo, kama imeguswa.

Nilimchapia kurasa tatu. Wino ulikuwa ukingoni;
wa tatu ulitoka kijivu, ule wenye mbegu zinazostahimili
na namba ya simu ya kituo cha utafiti.
Aliukunja huo kwanza, akautia kifuani.
Hakushukuru. Alisema tu, "Sasa nimejua nakwenda kuchoma nini."

Muhogo aliuacha.
Mabula akauliza autupe wapi; nikamwambia auchome.
Akanicheka, akauchoma.

Jioni, viti vimekwisha kugeuzwa juu ya meza,
nilifungua katalogi yetu, kwenye ugonjwa ule.
Kulikuwa na majina mawili ya kitaalamu na moja la Kiswahili.
Nikaongeza mstari, bila kutumwa na mtu:
Donda la ndani (Ukerewe): tazama pia.

Nikabonyeza hifadhi.
Na mashine, kwa mara ya kwanza siku ile,
ikaniuliza swali:
Una uhakika?