Moto wa Chini

Daktari wa Mbeya alisema "nekrosisi",
akaona uso wangu, akatafuta lugha nyingine:
"Tishu imekufa, mzee Kihwele. Si saratani iliyorudi.
Ni pale mionzi ilipopita."

Nikamwambia hapo tunaelewana.
Miaka kumi na tisa niko kikosi cha moto, msituni Sao Hill.
Kuna moto tunaouwasha wenyewe, kuukinga msitu,
tunausimamia na matawi mabichi mpaka ulale,
halafu manyunyu, halafu watu wanarudi Mafinga.
Wiki ya tano msonobari umesimama kijani, hauna neno.
Anapita mtoto na mbuzi wake, unaanguka.

Chini, mizizi ilikuwa inaliwa.

Ndivyo Oresta alivyodondosha mkasi.
Mkono wa kulia tu. Akacheka.
Kesho yake akaniomba nimpe, nimpe ile,
ile ya kupita kwenye tundu la sindano.
Fundi cherehani wa miaka ishirini na sita
ananyooshea kidole uzi mwekundu
kama mgeni sokoni.

Nikajua uvimbe umerudi. Sikumwambia.
Naye alijua, hakuniambia.
Basi la alfajiri, Makambako, Igawa, Chimala,
kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile.

Sasa eti si saratani.
Utafurahije kuambiwa kilichokuponya ndicho kinachokuunguza?
Nilifurahi.
Nilifurahi nikatafuta ukuta wa kuegemea.

Deksamethasoni: nne asubuhi, mbili mchana,
jioni hapana, hatalala.
Hakulala hata hivyo.
Saa nane za usiku anapiga deki, anakaanga viazi,
anagombana na cherehani.
Uso ukavimba, mashavu yakameza macho,
majirani wakasema Mungu mkubwa, mama kanenepa.
Nikanyamaza. Sukari yake ilikuwa kumi na nne.
Nesi alinishika mkono wa koti, akasema mara tatu:
msiache ghafla. Hizi mnashuka ngazi kwa ngazi.

Kisha dripu, kila baada ya wiki tatu,
ya kunyamazisha vimishipa vibovu vinavyovujisha maji kichwani.
Bima walitafuta jina lake kwenye orodha, hawakuliona.
Dripu ya kwanza ilikuwa ekari ya misonobari
niliyompandia Vaileti mwaka aliozaliwa;
haijakomaa, nikaiuza kwa bei ya kuni.
Ya pili, parachichi za msimu mzima, zingali maua.
Ya tatu sisemi. Shemeji anajua.

Picha ya mwezi wa tano: lile doa
limetoka kwenye limao, limefika kwenye ndimu.
Nikauliza, hicho ni kitu?
"Ni kitu," akasema. "Ila msipike pilau bado."

Mkasi anaushika. Uzi bado hauitwi uzi.
Anauita njia.
Nipe njia nyeusi, anasema, na wanafunzi wake wawili
wameshazoea, wanampa.
Juzi mteja kaleta kitambaa cha sare,
akauliza bila kucheka: mama, njia ya bluu ipo,
au nikanunue?

Kikosini tulifundishwa usiyaamini macho.
Jivu likipoa, piga goti, vua glavu,
weka kiganja ardhini, subiri.
Usiku, akipitiwa na usingizi, ndivyo ninavyofanya
pale nyuma ya sikio la kushoto, nywele zilipokataa kurudi.
Nahesabu mpaka mia.
Joto ni la ngozi. Nadhani ni la ngozi.

"Baba Vaileti," anasema, kumbe yuko macho,
"kiganja chako barafu.
Nenda kaongeze kuni."