Jalada la Mwaka Sabini na Nane

Mimi ni mtunza majalada. Kazi yangu vumbi.
Chumba changu kiko chini kabisa, kilimani Bugando,
dirisha moja, na ndani ya dirisha kipande cha ziwa
hakizidi kitambaa cha meza.

Profesa Malegesi alikuwa akishuka huku saa saba,
wenzake wakila sato kantini,
yeye na yai la kuchemsha mfukoni mwa koti jeupe
na kalamu tatu, moja haiandiki.
Anavuta boksi, anaketi, anaandika magotini.

Vitabu vyake nimevipangusa: thelathini na vinne.
Kichocho, juzuu mbili, hicho kila mwanafunzi anakijua.
Lakini pia kile cha mawe ya Mwanza,
namna jiwe linavyokaa juu ya jiwe na halianguki.
Kile cha mbu wa ziwani wasiouma,
wanaoinuka majini kama moshi wa kijiji kisichokuwapo.
Sarufi ya Kikara. Kitabu cha usingizi.
Historia ya reli kutoka Tabora, na mwishoni,
bila maelezo, ratiba ya meli za Nansio
za wiki moja tu ya mwezi Machi.
Na utenzi wa konokono, beti mia tatu na kumi:

    Konokono ni mpole
    hana haraka ya mbele
    hubeba nyumba na ndwele
    hajui anachobeba.

Mshika mawili, moja humponyoka,
alisema mkuu wa idara siku ya kumuaga.
Ukumbi ukacheka. Naye akacheka,
akitafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Na kila kitabu, ukurasa wa tatu: *Kwa K. 11.*
Manesi walisema ni Kokugonza,
yule Mhaya aliyemkataa zamani.
Katekista alisema ni Kutoka, sura ya kumi na moja,
akaisoma yote, akarudi kimya.

Julai ikaja amri: majalada ya kale yachomwe.
Katika furushi la sabini na nane nikakuta moja jembamba.
*Mvulana. Miaka tisa. Ukara. Kitanda: 11.*
*Tumbo limejaa maji. Anatapika damu.*
Mwandiko ule ule, ila mchanga, unainamia kulia
kama mtu anayekimbia na ndoo.

Chini ya *Malalamiko ya mgonjwa*:
maumivu, kiu, miguu kuvimba. Kisha:
*Anauliza nani aliyapanga yale mawe.*
*Anauliza konokono naye anaumwa, au anatuumiza tu.*
*Wale mbu hufia wapi.*
*Kwa nini nesi hajui Kikara, yeye si mtu mzima?*
*Ukilala unakwenda wapi.*
Na pembeni ya kila swali, kwa penseli: *kesho.*

*Mama atakuja na meli ya saa ngapi.*
Hapo pembeni hapana kitu.

*Amefariki saa tisa na robo usiku.*
*J. Malegesi, daktari wa mazoezi.*

Daftari la kuchomea nililijaza vizuri:
limeteketezwa, tarehe, sahihi yangu.
Miaka kumi na tisa kazini, uongo wa kwanza.

Alhamisi akashuka. Ana mkongojo siku hizi,
ngazi anazihesabu kwa sauti, kumi na nne,
ingawa ni kumi na tatu.
Akauliza kama bado tunachoma.
Nikasema tunachoma.
Ya sabini na nane je?
Dirishani meli ilikuwa inaingia, ndogo,
imepita kwenye kitambaa changu cha meza na kutoka.
Jalada lilikuwa chini ya kiti nilichokalia.
Nitamwambia, nikajisemea, kesho.

Akavuta boksi. Akagonga yai kwenye goti,
akalimenya polepole, maganda akiyaweka kiganjani
kama vidonge vya kuhesabu,
akalikata kwa uzi wa jalada
na kunipa nusu iliyobaki na kiini.