Kabla ya Kuwasha Mashine

Mashine yangu ya kusaga iko Mabatini,
pale njia inapobanwa na mawe mawili
na nyumba zimepanda mlima kama mbuzi.
Saa mbili asubuhi nikiiwasha
hata sufuria za jirani hutetemeka,
na Lugembe, mtoto wa Nyamizi,
huziba masikio, hupiga kichwa ukutani,
hutoa sauti moja, ndefu, isiyo na neno.

Ana miaka sita. Hajaniamkia hata siku moja.
Nikasema, huyu hana adabu.
Baadaye nikasema, huyu ana kitu.
Nililisema mbele ya wateja, debe mkononi,
na neno la mashineni lina miguu:
lilifika Mwaloni kabla dagaa hawajaanikwa,
likarudi jioni limenona.
Eti baba yake aliuza akili ya mtoto
ili nyavu zake zinase sangara.
Eti mama aliruka kaburi akiwa mjamzito.
Nguo za Nyamizi zikakosa kamba ya kuanikia.
Nami, sitasema uongo,
kikombe cha bluu nilichompa mtoto maji
nilikitundika peke yake kwenye msumari.

Nyamizi alikiona.
Alipima mahindi yake, akalipa,
akahesabu chenji mara mbili.

Mwezi wa tano alitoka kliniki
na neno kalifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na nauli iliyobaki: usonji.
Mimi nikasikia *songa*.
Nikamuuliza, asonge wapi?
Akacheka, mara ya kwanza mwaka ule,
kisha kicheko kikamgeukia, akakaa juu ya gunia.
"Si jini, si laana, wala haiambukizi.
Ndivyo alivyozaliwa.
Ngurumo yako, kwake,
ni mlima huu kuporomoka. Kila asubuhi."

Kila asubuhi.
Na mimi nilidhani anayesumbuliwa ni mimi.

Kile kikombe nilikishusha.
Nilitaka kukiosha, nikasita,
uchafu wenyewe sikuuona.

Sijajua mengi. Lugembe bado haniamkii.
Hupanga vifuniko vya soda kizingitini kwangu,
vyekundu kwa vyekundu, na mteja akivuruga kimoja
namrudisha akiokote.
Kuna siku hulia hata mashine ikiwa imezimwa
na hakuna kati yetu anayejua kwa nini.

Ila sasa, kabla sijazungusha hendeli,
natundika kitambaa chekundu mlangoni.
Nyamizi akikiona humchukua mwanawe
hadi nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ziwa,
ambako mlio hufika umechoka.
Wateja hunung'unika:
unatuchelewesha kwa ajili ya yule?
"Ana jina," nawaambia.
Wengine wamehamia mashine ya Igogo. Waende.
Mimi nasimama, mkono kwenye hendeli,
ndoo za mahindi zimepanga foleni,
mpaka nione ile kanga imepita jiwe.