Misa ya Wafu, Haapsalu

Fedha za okestra zililiwa na paa la kanisa,
basi Leelo peke yake, glavu zimekatwa ncha,
ndiye matarumbeta, ndiye fidla,
ndiye ngoma ya kiama.

Kwaya ilivaa makoti. Pumzi zao zilionekana.
Sauti ya tatu, kiti kimoja kitupu:
cha Ülo, fundi wa piano hii,
aliyeondoka Januari akiacha kibao kimoja,
cha chini kabisa, kinachokwama.

Kila Leelo alipokigusa, hakikurudi.
Alikiinua kwa kidole gumba, taratibu,
kama mtu amfunuaye shuka aliyelala,
na sauti ya nne ikamngoja.

Hakuna aliyelia walipomwombea raha ya milele.
Ni pale,
kibao kilipokataa kunyamaza,
na mwalimu, mkono juu,
hakukiharakisha.