Watatu wa Birikani

Birika la nyumba yetu
lina samaki watatu,
hawana jina la mtu,
kazi yao ni majini.

Mbu hutaga mayai,
hakuna lobaki hai,
humezwa kabla ya chai
ya asubuhi nyumbani.

Nyanya yangu Mwanahidi
aliwapenda kuzidi
sisi wana wakaidi
wenye vumbi miguuni.

Alisema: "Mkiona
wamepinduka mchana,
kisima kimetukana,
chumvi imefika ndani."

Kata yake ya kifuu
yaning'inia kwa juu;
kipimo chake kikuu
kata sita, si sabini.

Sita kwa mwili kuoga,
mbili kwa kuosha mboga,
hayo ya mboga kwa boga
lilotambaa uani.

Tulimcheka kwa siri,
tukamwita "Bi Tajiri",
mchoyo wa kukithiri
wa tone la mtungini.

Mwaka aliofariki
Famau akamiliki
gofu lisilokaliki
lilo kwetu ubavuni.

Akalipaka chokaa
wageni waje kukaa,
na bwawa lenye kung'aa,
la buluu, la darini.

Mashine usiku kucha
yavuta bila kuacha;
sikio nikalificha
chini ya mto, gizani.

Maji matamu ya Shela
huelea, yamelala,
na bahari haijala,
yangoja kule shimoni.

Ukivuta taratibu
yapo, hayana ghadhabu;
ukizidisha hesabu
chumvi yapanda ndooni.

Ijumaa, kabla jua,
nilishuka kuchukua
maji, na nikatambua
weupe wa matumboni.

Walielea watatu,
hawamtazami mtu.
Nikaonja kata yetu,
nikatema sakafuni.

Sikugomba, sikulia.
Sahani nikawatia,
mlango nikaujia
wa Famau, wa jirani.

Katoka, shuka kafunga,
akidhani nina janga
au deni la mchanga
nimdai hadharani.

Nikampa kata: "Onja."
Akaonja. Akangoja.
Neno hakusema moja,
akatazama darini.

Nyumba saba zikaketi
pasi wakili na cheti,
ila kata yetu, eti,
ndiyo hakimu kitini.

Leo mashine hulala
tangu isha hadi sala.
Bwawa leo ni mahala
pa mvua, na si wageni.

Usidhani katubia:
wageni hulalamia,
naye hunihesabia
hasara yake njiani.

Na kisima, polepole,
chakumbuka ladha ile;
haijawa kama vile
ya zamani, ya zamani.

Mwanangu, Zena, kaleta
wawili aliopata,
kwenye kopo la mafuta,
kwa shangazi, Mkomani.

Tukawaona wazama,
wakatua, wakahama.
Zena kauliza: "Mama,
tuwape majina gani?"